Vyuma vya paa la turubai vya Maxwell ya 1923: vinatafutwaje?

"Nina Maxwell ya mwaka 1923, gari la wazi la abiria watano. Injini inawaka na bodi imekwisha kunyooshwa, lakini paa la turubai halipo. Nilichobaki nacho ni mkono mmoja wa chuma wa upande wa kulia, uliovunjika karibu na egemeo, pamoja na kikalio kimoja cha nyuma cha kulazia matao. Nimetafuta kwa jina la gari kwa muda mrefu bila mafanikio. Yupo muuzaji mwenye fremu nzima ya paa, ila anasema ilitoka kwenye gari la kampuni nyingine la miaka hiyohiyo. Rafiki yangu ananishauri ninunue vyuma vipya vya Ford T kwa kuwa hivyo vinapatikana. Turubai nimeshaliagiza. Nifuate lipi, na je, mkono uliovunjika unaweza kuchomelewa?"

Ndugu msomaji, nianze na jambo lenye haraka kuliko yote uliyoyauliza: mwombe fundi wa turubai asikate kitambaa. Kikiwa bado katika jora hujapoteza kitu, lakini kikishakatwa kwa vipimo vya kukisia hakuna chuma kitakachokiokoa. Mengine yote yanaweza kungoja. Tena naona hali yako ni nzuri kuliko unavyoieleza, kwa sababu mkono mmoja na kikalio kimoja ni ushahidi mkubwa kwa kazi ambayo wengi huianza wakiwa na bodi tupu.

Sababu ya kukuzuia usikate kitambaa ndiyo hiyohiyo itakayokuongoza katika kutafuta vyuma, kwa hiyo niieleze kwa utulivu. Watu wengi hulidhania paa la namna hii kuwa ni mwavuli, yaani kwamba vyuma vikiwa kamili litasimama lenyewe na kitambaa ni cha kufunika tu. Sivyo linavyofanya kazi. Vyuma huamua matao, yaani mbao zilizopindwa zinazopita juu ya gari kubeba kitambaa, yazunguke wapi na yakunjikeje, lakini umbali kati ya tao na tao unatokana na kanda nene zilizopigiliwa misumari juu ya matao kutoka mbele hadi nyuma. Mvutano wa paa zima hushikwa na ncha mbili: mbele ni fremu ya kioo, na nyuma ni ubao uliofichwa ndani ya ukingo wa bodi ambao kitambaa hupigiliwa. Ondoa kimojawapo, na matao yatalegea na kuinamia upande wowote. Ndiyo maana mtu akisimamisha fremu isiyo na kanda huiona imepinda, akadhani amenunua vyuma visivyo vyake, na pengine akaanza kuvikunja vyuma vilivyokuwa sahihi kabisa.

Jambo la pili katika utaratibu huo ni uchakavu wa maegemeo, yaani viungo ambapo vyuma huzungukia. Tuseme tao linashikwa na tundu mbili zilizoachana kwa milimita 50, na tundu moja imelika kwa milimita 1. Tao hilo likiwa na urefu wa mita 1 kutoka hapo, ncha yake itacheza kwa karibu milimita 20. Mkononi huwezi kuihisi hitilafu hiyo, lakini juu ya gari itaonekana kama paa lililoinama upande mmoja, na hakuna ustadi wa kushona utakaoifuta. Kwa hiyo chuma chochote utakachokipata, kiwe cha Maxwell au cha gari jingine, kitahitaji tundu zake kujazwa na kutobolewa upya au kutiwa bushi, na ribiti mpya. Mimi huihesabu kazi hiyo tangu mwanzo katika gharama za kila fremu ninayoikagua, hata muuzaji akiisifu vipi.

Sasa tuje kwenye jina la gari, ambalo ndilo lililokuchosha. Katika miaka hiyo viwanda vingi vya magari vya Marekani havikutengeneza vyuma vya paa. Walivinunua kwa wafuaji na wasubuji waliouza kwa kampuni kadhaa kwa wakati mmoja, na mkono uleule ungeweza kukutwa kwenye magari ya majina tofauti, ukiwa umebadilishwa urefu tu au tundu moja. Kinyume chake pia hutokea: kampuni moja hubadilisha muuzaji wake katikati ya mwaka, na magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yakawa na vyuma visivyoingiliana. Kampuni ya Maxwell yenyewe iligeuzwa kuwa Chrysler mwaka 1925, na kuanzia katikati ya muongo ule magari yenye paa la kudumu yakayapita yale ya wazi, hivyo mapaa ya turubai yaliyochanika hayakuwa na wa kuyatunza. Ukitafuta "vyuma vya Maxwell" unamtafuta mtu aliyevihifadhi na bado akakumbuka vilitoka wapi. Ukitafuta umbo, vipimo na namba, unawafikia pia wote walio na chuma hicho bila kujua ni cha gari gani.

Kabla hujaenda mbali, hakikisha bodi yako ilijengwa wapi. Magari mengi ya Marekani yalisafirishwa nje yakiwa chasi tu, yakavalishwa bodi katika nchi yalikofikia. Mfano unaojulikana zaidi ni Australia, ambako vizuizi vya mwaka 1917 vya kuingiza bodi zilizokamilika ndivyo vilivyoipa kampuni ya Holden nafasi ya kujenga bodi za chasi za kigeni kwa wingi. Gari la aina hiyo huwa na injini na ekseli za Detroit, lakini paa lake ni la mjenzi mwingine kabisa, na kitabu cha spea cha kiwanda hakitakusaidia kwa paa hata ukikipata. Angalia kibandiko cha chuma kwenye ukingo wa mlango, ubao wa sakafu, au chini ya kiti cha nyuma.

Kisha isome bodi. Bila shaka umeshaipaka rangi ya msingi, lakini tundu za skrubu bado zipo, na hata zilizozibwa huonekana kwa ndani. Tundu za mkono mkuu wa chuma huwa kubwa na zimepita hadi kwenye mbao au bati la kuimarisha, kwa sababu hapo ndipo uzito wote wa paa unapokaa. Tundu za vikalio ziko nyuma zaidi, na mara nyingi kuna alama ya kukwaruzwa pale matao yalipokuwa yakilala. Pima umbali kati ya tundu na tundu kutoka katikati yake, pima upana wa bodi mahali pa mikono kulia na kushoto, kisha pima kutoka tundu la mkono hadi kwenye kibanio cha paa cha fremu ya kioo. Fanya hivyo pande zote mbili. Tofauti ikizidi milimita 5 au 6, tatizo lako la kwanza ni bodi, si paa: huenda haijakaa sawa juu ya chasi, au nguzo za kioo zimeinamishwa kuliko zilivyokuwa. Milango ifungwe vizuri na kioo kiwe katika mwinamo wake halisi kabla ya kuamini kipimo chochote.

Mkono ulionao ulaze juu ya karatasi nene, vipande vyote viwili vikiwa vimekutanishwa mahali pa kuvunjika, uchore ukingo wake wote na kutia alama katikati ya kila tundu. Geuza upande wa ndani usafishe kutu taratibu kwa brashi ya waya na mafuta. Usitumie mchanga wa kupuliza katika hatua hii. Huko ndani mara nyingi kuna namba iliyosubiwa pamoja na chuma, ikifuatwa na herufi ya kuonyesha kulia au kushoto. Namba hiyo kwa kawaida ni ya msubuji, haifanani na ile ya kitabu cha spea, lakini ndiyo itakayokupatia mwenzi wa mkono huo. Rangi ya zamani usiikwangue ikiwa kavu, kwa maana nyingi za wakati ule zilikuwa na risasi.

Mchoro huo wenye vipimo, namba na picha mbili ndio tangazo lako. Upeleke kwa vyama vya magari ya kale, na ukiweza kusafiri au kumtuma mtu, gulio la Hershey huko Pennsylvania, linaloendeshwa mwezi wa Oktoba tangu 1955, ndiko vyuma vya namna hii vinakojitokeza kuliko mahali pengine ninapopajua. Vingi hulala ndani ya makasha bila jina, na mwenye kiolezo cha karatasi mkononi humshinda mwenye jina la gari. Lile la Beaulieu nchini Uingereza, lililoanza mwaka 1967, ni zuri pia, ingawa kwa gari la Marekani ningeanza na Hershey. Kwa picha na vijitabu vya wakati ule, maktaba ya Antique Automobile Club of America na mkusanyo wa historia ya magari wa maktaba ya umma ya Detroit ni mahali pa kuandika barua. Omba hasa picha za gari likiwa limesimama ubavu na paa limeinuliwa. Picha moja safi ya ubavuni hukupa idadi ya matao na mahali pa kila moja ukilinganisha na milango, na hiyo ndiyo habari ambayo vyuma peke yake haviwezi kukupa.

Kuhusu fremu ya yule muuzaji, jibu langu ni kwamba inaweza kufaa, na usiikatae kwa sababu ya jina. Muulize mambo machache kabla ya kulipa. Upana wa tao la nyuma, ukipimwa ndani kati ya soketi zake mbili, yaani vikombe vya chuma vinavyoshika ncha za mbao, ni kiasi gani? Kikipungua upana wa bodi yako, achana nayo. Kikizidi kwa sentimita chache, mbao zinaweza kutengenezwa upya zikawa fupi. Kuna matao mangapi, na yakikunjwa yanalala sambamba au yanapandana? Yanayopandana yana mkono uliopinda au yametoka kwenye fremu mbili tofauti, jambo ambalo hutokea sana. Tao la mbele linashikwaje? Fremu za miaka ya awali zilitegemea kanda ndefu za kuvutwa kwenda mbele ya gari na zilihitaji watu wawili kuziinua, mmoja kila upande, ilhali kufikia 1923 paa la kuinuliwa na mtu mmoja lilikuwa limeenea kiasi kwamba hata Ford alilitia katika magari yake ya mwaka huo. Fremu ya aina ya kwanza juu ya gari lako itaonekana ngeni hata kama itaingia. Mwisho, mwombe akupe umbali kati ya tundu za mkono mkuu, uulinganishe na tundu za bodi yako. Hizo zikikubaliana, mengine ni kazi ya fundi.

Ushauri wa rafiki yako wa kununua vyuma vya Ford T naona una nia njema lakini hautakufikisha. Ford T ilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15, na ndiyo maana wapo wanaotengeneza vyuma vyake vipya hadi leo. Vyuma hivyo vimepimwa kwa bodi ya Ford. Ukivifunga kwenye Maxwell utalazimika kutoboa bodi upya, na hapo utakuwa umefuta ushahidi pekee wa mahali paa la asili lilipokaa. Vitu vidogovidogo kama kanda na misumari ya kupigilia havina jina, hivyo vinunue huko bila wasiwasi.

Tukirudi kwenye mkono uliovunjika, usimpe mchomeleaji yeyote kabla ya kujua ni chuma cha aina gani. Mikono mingine ilifuliwa kwa feleji, na hiyo huchomelewa bila shida. Lakini mingi ilisubiwa kwa chuma cheupe kigumu, kisha ikaokwa kwa siku kadhaa ili chuma kile kilainike na kukubali kupinda kidogo bila kukatika. Ukikiyeyusha tena kwa kuchomelea, sehemu iliyoyeyuka hurudi kuwa chuma cheupe kinachovunjika kama kigae, na mkono utakatika tena milimita chache kando ya kiungo, safari hii huku paa likiwa limefunikwa na gari likiwa barabarani. Njia ya salama ni kulehemu kwa shaba, ambapo shaba huyeyuka na kuingia kwenye kiungo bila mkono wenyewe kuyeyuka. Fundi akate kingo za ufa zikae kama herufi V, aubane mkono kwenye ubao wenye vigingi vilivyofuata mchoro wako wa karatasi, aupashe moto wote polepole, na auache upoe polepole. Hata hivyo, kwa kuwa umevunjika karibu na egemeo, ambako nguvu ni kubwa kuliko kwingine, mimi ningeutengeneza ili uwe kielelezo, kisha nikasubisha mikono miwili mipya ya kutumika.

Kusubisha si jambo la kuogofya, ila lina mtego mmoja. Chuma kikipoa ndani ya kalibu hunywea: chuma cha kawaida cha kusubu kwa takriban asilimia 1, shaba ya njano kwa asilimia 1.5, feleji kwa asilimia 2. Mkono wa milimita 400 ukitumiwa wenyewe kuwa kielelezo cha kalibu utatoka ukiwa mfupi kwa milimita 4 ikiwa ni chuma cha kusubu, na 8 ikiwa ni feleji. Ukikumbuka hesabu ya maegemeo niliyoieleza juu, utaona kwamba milimita 4 si kitu cha kudharau. Siku hizi njia rahisi ni kupiga mkono picha ya vipimo kwa skana, kuurekebisha kwenye kompyuta ufutike uchakavu, kuukuza kwa asilimia inayotakiwa, na kuugeuza ili upate wa kushoto, kisha kuchapa kielelezo cha plastiki. Tundu zisisubiwe, ziachwe zimezibwa, zitobolewe baadaye kwa keekee ya meza kwa vipimo vya mkono wa asili. Msubuji akiwa na chuma cha kusubu cha aina inayonyumbuka, mkono mpya utakuwa imara kuliko wa kwanza. Kikalio nacho kinapita njia hiyohiyo, na kwa kuwa hakina egemeo, hakina ugumu.

Matao yenyewe yafanywe ya mbao hata kama fundi chuma atakushawishi kuhusu bomba. Misumari ya kanda na kitambaa inahitaji mbao ya kushika, na mbao iliyotumika sana ni eshi iliyopindwa kwa mvuke, nyuzi zake zikifuata mpindo. Mbao iliyokaushwa tanuruni hupasuka ikipindwa. Ikiwa hupati mbichi, vipande vyembamba vilivyogundishwa kwa epoksi juu ya kalibu vinafaa na havionekani vikishafunikwa.

Kromu usiitie kabisa. Iliingia katika magari kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwenye gari la 1923 rangi yake ya samawati humfichua mwenye haraka. Sehemu nyingi za fremu zilipakwa rangi nyeusi ya kuoka, na zilizong'aa zilitiwa nikeli, ambayo ina umanjano hafifu wa kupendeza. Mwambie mtia nikeli mapema kwamba namba na kingo zibaki, maana hatari haiko kwenye nikeli bali kwenye gurudumu la kung'arishia, ambalo huondoa chuma kingi na kuzivuta tundu zikawa yai. Bolti ziwe za inchi. Bolti ya milimita 8 itaingia kwenye hesi ya inchi 5/16 kwa mizunguko miwili mitatu, kisha itagoma, na anayeilazimisha hubaki na hesi iliyokufa ndani ya chuma asichoweza kukipata tena.

Vishikizo vya mapazia ya pembeni ndivyo vyepesi kuliko vyote. Palipo na tundu moja la skrubu kwenye bodi, huenda palikuwa na kishikizo cha Lift-the-Dot, kilichotengenezwa na Carr Fastener Company ya Cambridge, Massachusetts. Palipo na tundu mbili ndogo zilizokaribiana, pengine ni kile cha kuzungusha. Vyote viwili bado vinatengenezwa. Cha Lift-the-Dot hufunguka kwa upande mmoja tu, ule wenye kinundu, na pande tatu nyingine hukaza. Kwa hiyo kielekeze upande ambao mkono utavuta na upepo hauvuti.

Yapo mambo mawili ambayo maandishi yangu hayawezi kuyamaliza. Vipimo vyako vya kulia na kushoto visipokubaliana, tafuta mjenzi wa bodi za magari ya kale aje alitazame gari likiwa sakafuni, kabla ya kutumia senti moja kwa vyuma. Na fremu ikishakamilika, fundi wa turubai alione gari lenyewe, kioo kikiwa kimefungwa na kanda zimepigiliwa kwa muda kwa misumari michache, wewe ukiwa umeshika ile picha ya ubavuni. Mwombe akae kwenye kiti cha nyuma na cha mbele kupima nafasi ya kichwa, ainue na kukunja fremu mara kadhaa, na aangalie kama matao yanalala ndani ya vikalio bila kusukumwa, juu ya ngozi au mpira mnene, na kama mikanda ya kuyafunga inafika. Matao yanayotikisika yakiwa yamekunjwa ndiyo huvunja mikono karibu na egemeo, na nadhani hivyo ndivyo wako ulivyovunjika. Akiridhika, achukue vipimo vyake mwenyewe, kisha ndipo aanze kukata.